Al-Biruni, Mwanachuoni Aliyeiweka Lulu Mizanini



Katika toleo hili ukurasa wetu wa wanazuoni unamwendea mtu ambaye wengi tunamjua kwa nyota na hesabu. Mimi nimemfikia kwa njia nyingine, yaani kwa mkufu wa mama yangu. Mwaka jana, siku chache kabla ya Idi, nilipita soko la Mpondwe nikitoka chuoni. Kwenye meza moja ya vipodozi na shanga nikaonyeshwa mkufu mweupe unaong'aa. Nikaambiwa ni lulu halisi, imetoka mbali, imepitia Kasindi, na bei yake ni ya Idi tu. Nikatoa shilingi 40,000, fedha niliyokuwa nimeibana muhula mzima. Mama aliuvaa siku ya Idi, akauvaa na Ijumaa kadhaa baada ya hapo. Mwezi wa pili rangi ikaanza kubanduka kama rangi ya kucha, na chini yake ikaonekana plastiki. Hakuniambia neno. Aliufunga kwenye kitambaa akauweka kabatini.

Nilipomsimulia ustadhi mmoja hapa Bwera, alicheka kwanza, kisha akaniuliza kama nimewahi kusoma habari za kitabu cha vito cha al-Biruni. Sikuwa nimewahi. Basi haya ndiyo niliyoyapata.

Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni alizaliwa mwezi wa Dhul-Hijja mwaka 362 Hijria, sawa na Septemba 973, nje ya mji wa Kath, uliokuwa makao makuu ya nchi ya Khwarazm. Leo sehemu hizo ziko Uzbekistan. Jina lenyewe la Biruni linatokana na neno la Kiajemi lenye maana ya nje, kwa kuwa hakuwa mtu wa ndani ya mji. Hakuwa Mwarabu, na Kiarabu alikisoma kama tunavyokisoma sisi, lakini karibu vitabu vyake vyote alivitunga kwa lugha hiyo. Mlezi wake katika elimu alikuwa Abu Nasr Mansur bin Iraq, mwanahisabati wa ukoo wa watawala wa Kath. Kijana wa nje ya mji alipata mwalimu wa ndani ya kasri, na kabla ya kufika miaka ishirini na mbili alikuwa tayari anapima kimo cha jua na kutafuta mahali pa miji juu ya uso wa dunia.

Mwaka 995 mambo yalipinduka. Watawala wa Gurganj waliishambulia Kath, ukoo wa mwalimu wake ukaangushwa, na al-Biruni akalazimika kukimbia. Sisi watu wa mpakani hatuhitaji kuelezwa sana maana ya kuondoka nyumbani na kilichoko mkononi tu. Alifika Rayy, karibu na Tehran ya leo, akiwa hana kitu. Huko alikutana na mtaalamu wa nyota aliyekuwa na mali, wakahitilafiana katika jambo la elimu, na yule tajiri akamdharau kwa sababu ya ufukara wake. Baadaye hali ya al-Biruni ilipotengemaa, bwana yule yule akawa rafiki. Al-Biruni mwenyewe alilisimulia jambo hili. Naona lilimuuma, maana mtu hasimulii kitu kama hicho miaka mingine kama hakikumkaa moyoni. Hoja yake ilikuwa ile ile siku zote mbili. Kilichobadilika ni nguo.

Mwaka 997 alikuwa tena Kath, akaupima mwezi ulipopatwa, huku Abul-Wafa akiupima mwezi ule ule kutoka Baghdad. Kwa kulinganisha saa za miji miwili walijua miji hiyo imeachana kiasi gani mashariki na magharibi. Kisha akahudumu kwa muda Gurgan, kusini mashariki ya bahari ya Kaspi, kwa mtawala aliyeitwa Qabus. Karibu mwaka 1000 alimtungia kitabu kikubwa cha kalenda na sikukuu za mataifa. Baadaye akarudi kwao Khwarazm kuwa mshauri wa mtawala, na aliandikiana pia na Ibn Sina maswali makali ya falsafa na maumbile. Ukiyasoma unaona vijana wawili wasiotaka kushindwa.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm, na wanazuoni walichukuliwa pamoja na hazina nyingine. Al-Biruni alikuwa na umri wa miaka arubaini na mitatu. Alipelekwa Ghazna, katika Afghanistan ya leo, na sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ilikuwa katika dola ya watu waliomchukua bila kumuuliza. Wengine wangenyamaza wakala mshahara. Yeye majeshi ya Mahmud yalipoingia India alijifunza Kisanskriti akiwa mtu mzima, akakaa na wanazuoni wa Kihindu, akaandika habari za dini yao, hesabu zao na desturi zao bila kuwasingizia. Kitabu hicho kilikamilika karibu mwaka 1030. Akiwa kwenye ngome ya Nandana, katika Pakistan ya leo, alipima kimo cha mlima na pembe ya upeo wa macho kutoka kileleni, akakokotoa ukubwa wa dunia akapata hesabu iliyo karibu sana na ya leo.

Ndani ya kitabu cha India mna sehemu inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki, na naona haitajwi vya kutosha. Al-Biruni anaeleza kwamba zamani kulikuwa na lulu katika ghuba ya Serendib, yaani Sri Lanka, kisha zikakatika. Baada ya kukatika huko, lulu zikaonekana Sofala katika nchi ya Wazanji, mahali ambapo hazikujulikana kabla, hata watu wakasema lulu za Serendib zimehamia Sofala. Sofala iko kwenye pwani ya Msumbiji. Kwa hiyo karibu miaka elfu moja iliyopita, mtu aliyekaa kwenye milima ya Ghazna, asiyekuwa na bahari jirani, alikuwa na habari za chaza wa pwani yetu. Sisi nasi hatuna bahari, ingawa nchi yetu imepewa jina la Lulu ya Afrika, na wengi wetu tumeliimba jina hilo kabla hatujawahi kuishika lulu hata moja.

Lakini kitabu alichonitumia ustadhi ni kingine, na al-Biruni alikiandika uzeeni. Kinaitwa al-Jamahir fi Ma'rifat al-Jawahir, yaani cha kuvijua vito, na alimtungia Mawdud, mjukuu wa Mahmud, aliyetawala kuanzia mwaka 1041. Mzee alikuwa amekaribia miaka sabini au ameipita. Hazina ya Ghazna ilikuwa imejaa vito vilivyotekwa, na bila shaka watawala walitaka kujua walichonacho. Al-Biruni alitafuta waliomtangulia katika elimu hiyo, na waliomfaa walikuwa wawili tu: al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad, na Nasr bin Ya'qub al-Dinawari aliyeandika kwa Kiajemi. Yaliyobaki aliyachukua kwa masonara na wafanyabiashara, akawauliza, akawalinganisha, na pale walipopingana akapima mwenyewe.

Anaanza kwa kuzungumza juu ya fedha na dhahabu, jinsi zinavyowafaa watu zinapozunguka kwa mikono yao na jinsi zinavyowadhuru zinapofukiwa. Anazungumza pia juu ya murua wa mtu, usafi wa mwili na nguo, na ukarimu. Ndipo anapoingia kwenye yakuti, zumaridi, almasi, lulu na mengine. Kitabu cha kumfurahisha mwenye hazina kinafunguliwa kwa kumkumbusha kuwa hazina iliyofungwa ni mali iliyokufa. Sijui Mawdud alikisoma vipi ukurasa huo.

Lulu amezipa nafasi kubwa. Anazitaja bahari zinakotoka, wazamiaji wanavyozitoa, maumbo na majina yake, bei zake kwa uzito, na hata namna ya kuzitibu zikiharibika. Ile ya duara kamili, inayobiringika yenyewe kwenye sinia na kukataa kutulia, ndiyo iliyokuwa juu ya zote, na Waarabu waliiita jina la kubiringika huko. Zipo zenye umbo la zeituni na nyingine zisizo na umbo la kutajika. Bei ilifuata uzito, lakini si kwa mstari ulionyooka. Mithqali moja ni kama gramu nne na robo, na lulu ya duara yenye uzito huo ina kipenyo cha milimita 14 hivi. Lulu mbili za nusu mithqali hazifikii hata kidogo bei ya moja ya mithqali nzima, kwa sababu chaza mmoja katika maelfu ndiye anayeitengeneza hiyo kubwa. Lakini lulu mbili zinazofanana kwa rangi, umbo na uzito hupandishana bei, maana kuzipata pacha ni kazi ya miaka. Lulu isiyopata mwenzake iliitwa yatima, na ilikuwepo moja mashuhuri iliyojulikana kwa jina hilo.

Hapa ndipo alipoingia na mizani. Alitengeneza chombo chenye tumbo pana na shingo nyembamba, na shingoni akakitia mrija ulioinama. Alikijaza maji mpaka mrijani. Kisha akatia ndani kito alichokwisha kukipima uzito, na maji yaliyosukumwa yakamwagika kwenye kitanga cha mizani, naye akayapima. Ukigawanya uzito wa kito kwa uzito wa maji hayo, unapata namba ambayo ni ya kito cha aina hiyo peke yake. Kazi ilimsumbua, kwa kuwa maji yalikuwa yananata kwenye mdomo wa mrija badala ya kutoka, na tone moja likibaki hesabu yote inaharibika. Akaurekebisha mrija mara kwa mara mpaka ukakubali. Alipima dhahabu, zebaki, shaba na risasi, akapima yakuti, zumaridi, akiki, lulu na bilauri, na namba zake nyingi zinasimama karibu kabisa na zinazopatikana maabara leo. Karne moja baadaye al-Khazini alizinukuu katika kitabu chake cha mizani cha mwaka 1121.

Kwa lulu namba hiyo ni kama 2.7, maana yake gramu 27 za lulu husukuma gramu 10 za maji. Plastiki ya kawaida haifiki hata nusu ya uzito huo kwa ujazo ule ule. Mkufu wa mama yangu ungeumbuka hapo hapo, hata kwenye kiganja, maana ulikuwa mwepesi kama maganda ya karanga na mimi nikaona ni sifa. Lakini kioo kina namba kama 2.5, na shanga iliyochongwa kutoka ganda la chaza inalingana na lulu yenyewe. Kwa hiyo maji humkamata mwongo mjinga, mwerevu akapita. Al-Biruni aliujua mpaka huo, na ndiyo maana hakuyaacha macho ya masonara. Mawe yanayofanana na yakuti aliyatolea maelezo yake peke yake, kwa sababu soko la zama zake nalo lilikuwa na vya kughushi.

Ustadhi alinipeleka kwa sonara mzee anayemfahamu, na aliyonionyesha mzee huyo hayako mbali na ya kitabu. Kwanza tazama mng'ao. Lulu nzuri hung'aa kama inatoa nuru ndani, na ukiisogelea unaona sura yako na taa iliyo juu yako vimejichora juu yake kwa ukali. Ile dhaifu ni nyeupe kama chaki. Sababu yake ni kwamba chaza huijenga lulu kwa matabaka membamba mno, moja juu ya jingine, na nuru hupenya na kurudi kutoka matabaka mengi kwa pamoja. Tabaka likiwa jembamba kwa ujumla, mng'ao unakufa. Pili tazama uso wake, maana lulu ya kweli karibu kila mara ina kidoa au kishimo kidogo. Mkufu wa punje hamsini zilizofanana kama risasi za kiwanda kimoja, kwa bei ya kilo mbili za nyama, ni wa kutilia shaka. Tatu, ichungulie tundu iliyotobolewa. Lulu ina ukingo safi na mstari wa tabaka, bandia ina rangi iliyochanika pembeni. Nne, sugua punje mbili polepole, au iguse kwenye meno ya mbele. Lulu inakwaruza kidogo kama mchanga laini, plastiki na kioo vinateleza. Akaongeza kwamba lulu huwa baridi kwanza mkononi kisha hupata joto. Na ukitazama uzi, fundi mwema hufunga fundo kati ya punje na punje, ili uzi ukikatika usizitawanye zote.

Mzee alinieleza pia kwamba siku hizi lulu nyingi zinafugwa, na hilo halizifanyi bandia. Mjapani Mikimoto Kokichi alifanikiwa mwaka 1893 kumfanya chaza atengeneze nusu lulu kwa kumtia kiini ndani yake, na leo China inatoa lulu nyingi mno za maji baridi. Hata Zanzibar, akina mama wa Fumba na vijiji vya jirani wanafuga chaza na kuuza nusu lulu na mapambo ya ganda lake. Tofauti kati ya ya kufugwa na ya porini kwa kawaida haionekani kwa jicho tupu, huhitaji picha ya eksirei. Mwenye kuuza lazima aseme anachouza, basi. Akiuza ya kufugwa kwa jina la ya porini, au plastiki kwa jina la lulu, amefanya ghushi.

Hapa fikihi yetu haina maneno mengi. Tunajua namna Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni, akakuta chini pana unyevu uliofichwa, na jinsi alivyomkemea mwenye mali. Tunajua pia kuwa mnunuzi aliyekuta aibu iliyofichwa ana haki ya kurudisha kitu na kudai fedha yake. Mimi nilirudi Mpondwe na mkufu wangu, lakini meza ile haikuwepo tena. Dada zetu wanaopokea vidani katika mahari yao waliangalie hili mapema, kwa sababu aliyeahidiwa lulu akapewa rangi amepunjwa haki yake, hata kama bwana harusi mwenyewe alidanganywa sokoni. Lulu zenyewe zimetajwa katika Qur'ani zaidi ya mara moja, katika Suratur-Rahman pamoja na marijani, na katika Suratut-Tur vijana wa Peponi wanafananishwa na lulu zilizohifadhiwa.

Nimrudie al-Biruni. Mwanachuoni aliyezijua bei za vito kuliko masonara hakukusanya vito. Inasimuliwa kwamba alipomtungia Sultani Mas'ud, mwana wa Mahmud, kitabu chake kikubwa cha elimu ya nyota, al-Qanun al-Mas'udi, Sultani alimpelekea shehena ya fedha iliyobebwa na tembo, naye akairudisha hazinani kwa kuwa hakuihitaji. Vitabu alivyovitunga ni zaidi ya 100, vingi vimepotea. Macho na masikio yalipopungua nguvu bado aliandika, na katika kazi zake za mwisho alishughulikia dawa, majani na mizizi na majina yake kwa lugha nyingi, akisaidiwa na tabibu mmoja.

Alifariki Ghazna kati ya mwaka 1048 na 1050. Habari ya siku hiyo imehifadhiwa na mwandishi Yaqut. Mwanasheria mmoja rafiki yake alikwenda kumzuru akamkuta pumzi zinamkatika. Al-Biruni akamuuliza juu ya hesabu ya mirathi, fungu la mabibi, ambayo rafiki huyo aliwahi kumweleza zamani. Rafiki akamwonea huruma, akashangaa kwamba anauliza katika hali ile. Mgonjwa akamjibu kuwa ni afadhali aiage dunia akiwa anaijua mas'ala hiyo kuliko kuiaga haijui. Basi rafiki akamsomea tena, naye akairudia mpaka akaihifadhi, kisha akamfundisha rafiki yake jambo alilokuwa amemwahidi. Yule mwanasheria akaaga akatoka. Alikuwa bado yuko njiani aliposikia vilio vinatoka nyumbani kule.